Nilivyoipunguza blasti ya mpunga kwa bakteria wa udongoni

"Mama, changanya na mrututu humo humo, nguvu ziongezeke." Hivyo ndivyo nilivyoshauriwa kwenye duka la pembejeo, na hadi leo ushauri ule unanikera. Mrututu ni shaba, na shaba inaua bakteria. Mtu anakuuzia dawa yenye viumbe hai, halafu anakuelekeza uwaue ndani ya bomba kabla hujafika shambani!

Nalima mpunga aina ya Supa huku Ubaruku, Mbarali. Bei yake ni nzuri na harufu yake haina mpinzani, ila blasti, ugonjwa unaoletwa na kuvu, inaiandama sana. Jani linapata doa lililochongoka ncha mbili, katikati kijivu, kingo za kahawia. Ugonjwa ukifika shingoni mwa suke, suke linasimama jeupe. Ukibinya punje unakuta ganda tupu. Kuvu ya blasti hutoboa jani kwa presha inayofikia mara 80 ya presha ya hewa. Ikishaingia ndani, bakteria hawaitoi. Kwa hiyo wanaosubiri madoa ndipo wapulizie, halafu wanasema dawa za bakteria ni utapeli, wananiudhi kweli.

Chupa ya kwanza niliyouziwa ilikuwa ya dawa ya maji, yenye Pseudomonas fluorescens. Ni bakteria mzuri, lakini hatengenezi spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, kwa hiyo joto linammaliza haraka. Chupa ilikuwa imekaa kwenye rafu ya mlangoni, inapigwa na jua la mchana. Nilitibu jaruba moja, la pili nikaliacha. Madoa yakatoka sawasawa kote kuwili. Hapo nikaelewa kwamba hii bidhaa inanunuliwa kama vifaranga: kwanza hakikisha wako hai.

Msimu uliofuata nikatafuta Bacillus subtilis ya unga. Huyu ana spora, anavumilia ukavu na joto. Lakini sikutaka kuamini maandishi ya pakiti tu, nikajitengenezea kipimo changu. Nilichemsha viazi mviringo, nikakata vipande kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, nikavitia kwenye mitungi miwili ya kioo iliyochemshwa. Kipande kimoja nilikidondoshea unga ulioyeyushwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa. Cha pili maji matupu. Nikafunika, nikaweka jikoni mahali pa joto. Haikuchukua muda, kile chenye dawa kikavaa utando mweupe wenye mikunjo, unaovutika ukiugusa na kijiti. Cha maji matupu kilikuwa bado kisafi. Kipimo hiki hakikwambii jina la bakteria, lakini kinakwambia kama unga una uhai. Pakiti niliyoipima hivyo ndiyo niliyoipeleka shambani. Kiazi chenyewe tupa, usile.

Pakiti yangu ilielekeza gramu 10 kwa kilo ya mbegu. Yako isome yenyewe. Nililoweka mbegu, nikachuja, nikachanganya kivulini, nikasia kitaluni. Siku ya kupandikiza nikachovya mizizi ya miche kwenye maji yenye dawa kabla ya kuipeleka jarubani. Bakteria wanataka kuwahi kukaa kwenye mizizi. Wakishatulia pale wanatoa iturini na fengisini, kemikali zinazopasua utando wa seli za kuvu, na mmea wenyewe unaamsha kinga yake hadi majani ya juu.

Majani niliyapulizia jioni, kwa sababu jua kali linawaua, na nilirudia kabla masuke hayajatoka. Bomba la kupulizia lilikuwa jipya, halijawahi kubeba dawa ya ukungu. Maji ya mfereji yanafaa. Maji ya bombani yenye klorini yaepuke. Urea niligawa kidogo kidogo, maana mpunga ulioshiba naitrojeni unaikaribisha blasti, hata ukiwa na bakteria wa dunia nzima.

Tofauti niliiona shingoni. Jaruba nililoliacha bila dawa lilikuwa na masuke meupe mengi, lililotibiwa yalikuwa machache, ya kutafuta. Mavuno hayakuwa mara mbili kama wengine wanavyotangaza, ila magunia yaliyozidi yalilipa dawa, pamoja na sehemu ya vibarua wa kuvuna. Dawa yenyewe ilinigharimu elfu kumi na kitu kwa pakiti.

Sasa shemeji yangu na majirani wa mfereji wetu tunanunua kwa pamoja, na kabla ya kulipa tunaomba pakiti moja ya kupima kwenye kiazi. Muuzaji akikataa, tunaenda duka jingine.