Jinsi nilivyopata kusherehekea Uhuru wa Tanganyika nikiwa Kisumu

Tarehe 9 Desemba, siku Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, hapa Kisumu ni siku ya kazi. Sisi wanafunzi wa Kitanzania tuna vipindi, majirani wako makazini. Dawa niliipata kwenye kalenda: 12 Desemba ni Jamhuri, sikukuu ya Kenya, na kila mtu yupo nyumbani. Basi tarehe 9 jioni tuliimba wimbo wa taifa, karamu tukaisogeza.

Soko la Kibuye nilinunua ngege wabichi wa Ziwa Victoria, sato walewale wa kwetu Mwanza, nilifurahi mno. Tukapika wali wa nazi, mama mwenye nyumba akaleta ugali na osuga, yaani mboga ya mnavu. Nchi mbili, sinia moja! Mwakani ameomba pilau.