Kujichorea Nembo: Herufi Mbili, Wino Mmoja

Wahenga walisema mganga hajigangi, na sijaona kazi inayouthibitisha usemi huo kama ile ya mbunifu kujichorea nembo ya kuweka kwenye jalada la kazi zake. Anapomhudumia mteja, yupo mtu wa kumwambia kwamba imetosha. Anapojihudumia mwenyewe, hakuna wa kumzuia asiongeze mstari mwingine, rangi nyingine, kivuli kingine. Ndiyo maana, kabla sijashika penseli, nilijiandikia masharti: nembo iwe ya herufi za mwanzo za majina yangu, M na K, isimame kwa wino mmoja, na isomeke hata ikiwa ndogo kama ukucha.

Kamera na brashi niliziweka kando tangu mwanzo. Anayelifungua jalada langu ataona kwa macho yake kwamba ninapiga picha na kuchora, kwa hiyo nembo haina haja ya kuyarudia hayo. Wajibu wake ni kuonyesha kazi ni ya nani. Albrecht Dürer, msanii wa Nuremberg, Ujerumani, aliyeishi kati ya 1471 na 1528, alipozitia alama kazi zake aliiweka D katikati ya miguu ya A, basi. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, amesimulia kwamba Marcantonio Raimondi, mchonga picha wa Italia, alipoinakili michoro ya Dürer pamoja na alama yake, Dürer alikwenda Venice kushtaki, na alichopata ni amri ya kumkataza Raimondi kuitumia alama. Picha zenyewe hazikukatazwa. Huku kwetu Mombasa, maandishi ya K.H.E. – Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, huchapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kanga, na wapo akina mama wasiolipa mpaka wayaone. Hakuna ua wala ndege katika alama hiyo, kwa kuwa maua na ndege wamo kwenye kanga yenyewe.

Ugumu wangu ulikuwa kwenye mguu wa kulia wa M, ambao niliutaka uwe pia uti wa K. Kwenye karatasi ya miraba mistari yote ilikuwa na unene mmoja, lakini jicho halipimi kwa rula: mistari ya mshazari inapokutana, weusi hurundikana kwenye kona na herufi huonekana nzito mahali hapo. Wachora fonti hulijua hilo, nao huipunguza mistari kidogo inapokaribia maungio, kiasi ambacho msomaji hakioni ingawa anakihisi. Nilifanya vivyo hivyo kwenye bonde la M na pale K inapojishikiza kwenye uti wake, kisha ndipo nikauhamishia mchoro kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, ili uwe wa vekta, yaani wa mistari inayokokotolewa kihesabu badala ya vinukta, uweze kukuzwa kufikia ukubwa wa bango bila kingo zake kuvunjika.

Kukuza ni rahisi. Kupunguza ndiko kunakoitia nembo adabu. Alama ya kwenye kichupo cha kivinjari mara nyingi hupata pikseli (vinukta vya skrini) 16 kwa 16 tu. Nguzo mbili za M zenye pikseli 2 kila moja, na pengo la pikseli 5 kati yake, zinachukua 9, na K inabakiwa na 7. Katika pengo dogo namna hiyo mishazari ya M hugeuka ukungu. Kwa hiyo nililichora upya toleo la ukubwa huo, bonde la M likiishia nusu ya kimo, na ningemshauri mtu yeyote afanye hivyo badala ya kuiminya nembo kubwa. Muhuri wa mpira nao ni mtihani mzuri, kwa sababu wino hutambaa na kuziba kila nafasi iliyo finyu.

Rangi niliiacha mwisho, nikachagua nyekundu ya udongo, maana bluu inayong'aa kwenye skrini hufifia ikichapwa kwa rangi nne za mashine ya uchapaji.

Jambo moja sitalikubali kamwe: kuigandika nembo katikati ya picha kwa hofu ya wezi. Anayekuja kuitazama kazi ana haki ya kuiona nzima. Yangu inakaa juu kushoto mwa ukurasa, ikiwa na kimo cha milimita 8, na pande zake zote nimeacha nafasi tupu isiyopungua upana wa M.