Boliti za kalipa kabla hujaingia traki

Nyinyi mnaopeleka Subaru na Evo zenu traki (uwanja wa mbio za magari), tuongee boliti za kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Hizi zinazoshika breketi, chuma kinachobeba kalipa, ndo zinabeba nguvu yote ukikanyaga breki, na traki joto linapanda linashuka kila lapu, gari inatetemeka, boliti inaanza kujifungua polepole na we huskii kitu mpaka kalipa iguse rimu.

Mimi nasafisha meno ya boliti na ya tundu lake kwa brashi ya waya na breki klina hadi yakauke kabisa, natia tone la Loctite 243 ya bluu, gundi ya kuzuia boliti isilegee, inavumilia hadi digrii 180, alafu nakaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya manyuo, kitabu cha maelekezo ya gari, si kwa hisia ya mkono. Grisi hapana, boliti itavutika kupita kiasi.

Nikimaliza nachora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye breketi. Baada ya kila sesheni namulika tochi, mstari ukikatika, imezunguka.

Kama diski zako zinawaka nyekundu, gundi inalainika, hapo tafuta boliti zilizotobolewa kichwa ufunge waya wa 0.8 mm unaovuta upande wa kukaza. Upande jamani, waya uliofungwa kinyume hauzuii chochote.