Kalavati moja, kura makundi matatu

Jana niliingia kwenye kikao cha kamati ya ushauri ya wananchi kuhusu fedha za misitu ya umma, hapa Marekani. Kikao kiko wazi kwa yeyote, ila viti vya wageni vilikuwa vitupu karibu vyote. Watu tunapenda kulalamika tukiwa nyumbani!

Kamati hizi zilitokana na sheria ya mwaka 2000, baada ya mapato ya mbao kuporomoka na kaunti zenye misitu ya serikali kuu kukosa fedha za shule na barabara. Kwa kawaida wajumbe ni 15, watano kila kundi: wa mbao na wenzao, watetezi wa mazingira, kisha viongozi wa kuchaguliwa, walimu na makabila ya wenyeji. Hawalipwi mshahara.

Utamu uko kwenye kura. Wingi wa jumla hautoshi. Lazima mradi upate wengi ndani ya kila kundi. Jana ilikuwa zamu ya mradi wa kubadilisha kalavati chakavu chini ya barabara, mdomo wake unaning'inia juu ya kijito, samaki hawapandi. Mzee wa upande wa mbao akauliza, "Mkichimba barabara, malori yapite wapi?" Mama wa mazingira hakubisha. Akakunjua ramani mezani, wakaiinamia wote wawili, wakapata njia ya mchepuko. Kura ikapita katika makundi yote.

Kamati inapendekeza tu, serikali ndiyo huidhinisha. Muhula ni miaka minne. Kundi la tatu lina nafasi wazi, na fomu nimeshachukua.