Subaru inaondoka: kumbukumbu ya kuuza gari la mbio na spea zake

Wiki ya 1, Jumamosi

Leo nimeondoa turubai. Miezi kumi na minne gari limelala kwenye banda la nyuma hapa Njiro, Arusha. Panya wamekula waya wa sensa moja, na kuku wa jirani ametaga kwenye kiti cha msoma ramani. Ni Impreza ya toleo la kwanza, msimbo GC8, ya 1998, injini EJ20 yenye turbo. Nimelikimbiza misimu sita, Arusha, Tanga na Morogoro. Limepinduka mara moja tu, na mara nyingi limefika mwisho. Msoma ramani wangu kahamishiwa Mtwara kikazi, na mwanangu wa pili anaingia sekondari. Basi, liuzwe.

Kuhesabu spea nilipanga nusu siku. Magharibi ikanikuta bado nafungua makasha: giaboksi mbili (moja nzima, moja imefumuliwa), difu ya nyuma, turbo ya akiba, shafti za mbele nne, shokapu seti moja na nusu, rejeta, beringi ambazo hazijafunguliwa kwenye boksi, rimu kumi na sita. Mke wangu kapita mlangoni na kikombe cha chai. "Baba Asha, kumbe ulikuwa na magari mawili?" Sikuwa na jibu.

Wiki ya 2

Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited amekuja kupima mgandamizo, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda. Silinda ya kwanza psi 145, ya pili 148, ya tatu 146. Ya nne 118. Tumerudia injini ikiwa moto, namba ileile. Kwenye hizi EJ20 za turbo silinda ya nne ndiyo yenye sifa mbaya. Mara nyingi ni kingo za pistoni zinazoshika ringi ndizo zinazopasuka.

Nikamwambia tukae kimya, anayenunua gari la mbio anajua anachonunua. Mzee akafuta mikono bila haraka. "Mwenye akili atakuja na geji yake. Bora asikie kwako." Nimeiandika kwenye karatasi ya kwanza kabisa ya maelezo, juu ya picha.

Wiki ya 3

Bei. Nimekaa na kalamu usiku mzima. Kwa vipande, kila kitu na mteja wake, inafika kama milioni 47. Kwa jumla sidhani kuna atakayevuka 36. Hesabu inakushawishi uchinje. Lakini ukishauza injini, giaboksi na shokapu unabaki na bodi iliyochomelewa kizimba cha mabomba cha kutulinda likipinduka: haiwi teksi, haipeleki watoto shule, mwisho wake ni kwenye mizani ya vyuma chakavu. Na anayetaka kukimbia nalo atalikwepa kama halina spea, maana msimu mmoja wa barabara za vumbi unakula shafti mbili bila kuuliza. Nimeamua linakwenda zima na spea zake. Najua uamuzi huu utanitesa.

Wiki ya 4

Simu zimeanza. Nusu yake ni "bei ya mwisho?" kabla ya salamu. Mmoja kauliza linakula lita ngapi hadi Dodoma. Mwingine alitaka nitoe ile restrikta, kibanio cha hewa inayoingia, ya milimita 32 kwenye turbo ili "lipumue", alitumie mjini. Nimemweleza kwamba kompyuta ya gari imepangwa kwa kufuata ile restrikta. Ukiing'oa bila kupanga upya, hewa inazidi petroli na pistoni zinalipa deni. Hakupiga tena.

Aliyeniuma ni jamaa wa Nairobi. Anajua magari, anauliza maswali ya mtu aliyewahi kuchafuka mikono, na bei haikumtisha. Tumekwama mpakani Namanga kabla hata ya kufika Namanga: Kenya hairuhusu kuingiza na kusajili gari lililozidi miaka minane. Uganda ni miaka kumi na mitano, na langu limeizidi hiyo pia. Kuvuka kwenda kushindana na kurudi ni jambo jingine, hati zake zipo. Kuuza, hapana.

Wiki ya 5

Kijana kaja na pesa taslimu anataka giaboksi nzima peke yake, ile yenye gia za mbio zisizo na sinkronaiza, kile kinacholainisha kubadilisha gia. Milioni saba, hapohapo. Mkono uliniwasha, nakiri.

Nikamuuliza difu yake ya nyuma ni uwiano gani, yaani shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Hajui. Impreza hizi ziko za 4.11 na za 4.44, na difu ya mbele imo ndani ya giaboksi; mbele ikiwa tofauti na nyuma, magurudumu yanabishana na difu ya kati inakufa ndani ya siku chache. Tukaingia chini ya gari lake na tochi, tukazungusha gurudumu na kuhesabu mizunguko ya shafti. Ni 4.11. Yangu ni 4.44. Kaondoka na pesa zake, mimi nikabaki na uamuzi wangu wa wiki ya tatu.

Wiki ya 6

Vifaa vya usalama. Lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwenye mikanda inataja mwaka wa mwisho, na mwaka huo umepita. Viti navyo vimevuka miaka yake mitano. Watu wawili walitaka mikanda "kwa mazoezi tu". Hii ndiyo iliyotushika siku ya kupinduka, na mkanda ukishabeba uzito wa namna hiyo haurudii kazi. Nimechukua mkasi nikaikata vipande. Sikutaka kuijadili na mtu wa tatu.

Wiki ya 7

Wamekuja kutoka Moshi, baba na binti. Nilimsalimu baba nikidhani ndiye mnunuzi. Yeye kaenda kukaa kivulini, binti akalala chini ya gari. Katoa kalipa mfukoni akapima bomba kuu la kizimba: milimita 45. Kanuni inataka 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Akaomba na risiti ya mabomba. Ninayo. Kisha geji ya mgandamizo, yake mwenyewe. Silinda ya nne ikasoma 117.

"Shikamoo tena, baba," akacheka. "Uliandika 118."

Tumebishana saa mbili. Alitaja 29, nikataja 38. Fundi wangu, ambaye hakuulizwa, akaingilia na hadithi yake ya siku zote: mwaka 1965 dereva wa Kenya Joginder Singh na nduguye Jaswant waliyashinda mashindano ya magari ya Safari kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika na wengine. Sijui ilimsaidia nani. Tukafika 33, spea zote ndani. Alichokipigania zaidi ni daftari langu, lile la misimu sita: kila mafuta yaliyobadilishwa, kila boliti iliyolegea na ilipolegea. Nilitaka kubaki nalo. Baba yake akasema kutoka kivulini, "Mwanangu, gari bila daftari tunaliacha." Nimelipiga picha kurasa zote, nikampa.

Wiki ya 9

Kadi ya gari imebadilishwa jina TRA, mamlaka ya mapato. Fuso imelibeba leo asubuhi, makasha kumi na moja juu yake. Banda linatoa mwangwi.

Rimu nne kaziacha: zina matundu ya 5x114.3 (boliti tano kwenye duara la milimita 114.3), za Impreza STI za kuanzia 2005, na GC8 ni 5x100. Nilizinunua kwa kosa msimu wa tatu na sikumwambia mtu. Inchi 15, hazina ufa, moja ina mkwaruzo. Laki nne zote, na nauli ni juu yako.