Jina Lililokwenda Mombasa

Mvua ya Arusha haijakatika tangu asubuhi, watoto wanaangalia katuni, nami nimepata nafasi ya kuandika haya mambo ya ukoo kabla hayajanichanganya zaidi.

Uchagani ukianza kuulizia babu wa babu, watu hawafikirii historia, wanafikiria kihamba, yaani shamba la kurithi la ukoo. Baba mdogo aliniambia waziwazi kule Kibosho, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi: "Wewe umeshaolewa, uko zako Arusha. Unatafuta babu au unatafuta kesi?" Akacheka, ila jibu alilisubiri. Simlaumu. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka mwingine amebaki na migomba ya kuhesabu, na jina jipya kwenye ukoo linaweza kuja limeongozana na wakili.

Ndiyo maana nilianza na wake za hao akina baba. Mwanamke akiolewa kwetu hujifunza ukoo wa mume mzimamzima: nani ni nani, nani hasalimiani na nani, kaburi la nani liko wapi mle kwenye migomba, mmea upi wa isale ni wa mpaka. Naye hana kihamba cha baba yake cha kutetea pale. Baba zangu wanasimulia kwa kupunguza. Mama zangu wanasimulia, halafu wanakumbuka na kingine wakati unavaa viatu uondoke.

Vitabu navyo vinasaidia. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia Kibosho 1893, kwa hiyo sisi tuliobatizwa kule tuna bahati ya maandishi. Karani wa parokia alinifungulia kitabu cha ubatizo mwenyewe, kurasa akazigeuza yeye, mimi macho tu. Ni Kilatini, lakini cha kuzoeleka upesi: jina, wazazi, msimamizi, tarehe, padre. Aliyebatizwa mtu mzima ameandikiwa umri wa kukisia. Utamu uko pembeni ya ukurasa, kwa sababu Kanisa Katoliki hurudi kwenye mstari wa ubatizo wako na kuandika pale kwamba umefunga ndoa, lini na wapi. Pembeni ya jina la babu, kwa wino mwingine kabisa, ndoa yake na bibi ipo. Akina mama waliokuja kubatiza watoto wana jina moja tu, tena la ubatizo. Maria. Anna. Kwao wapi, ukoo gani, hakuna.

Upande wa mama ni Old Moshi, Walutheri, na huko nimetumia zaidi intaneti. Picha za Misheni ya Leipzig, waliofika Kilimanjaro 1893 pia, zimewekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California na unazitazama bure. Mchungaji Mzungu ametajwa jina. Waliosimama naye, mara nyingi, ni "Wachaga".

Kitu kilichonisumbua kwa muda mrefu ni jina la baba mkubwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba yake baba, wa pili la baba yake mama. Baba mkubwa ndiye kifungua mimba, ila ana jina la baba yake bibi. Ukiuliza unaambiwa babu alimpenda sana mkwewe. Sawa.

Binamu yangu wa Minnesota, mtoto wa shangazi, alipokuja Krismasi alileta vifaa vya DNA, kimoja chake, kimoja changu. Tukatema mate kwenye vichupa na yeye akarudi navyo. Ile sehemu ya kukwambia wewe ni asilimia ngapi ya wapi sijaipa uzito. Sampuli za Waafrika wanazolinganishia bado ni chache, na ramani yangu imepakwa rangi moja kuanzia Kenya kushuka kusini. Asante, nilikuwa nalijua hilo. Chenye maana ni orodha ya watu mliolingana. Wengi wangu ni wa mbali mno, maana Watanzania waliopima ni wachache. Isipokuwa mmoja, wa Mombasa: sentimogani 440, ndicho kipimo cha DNA mnayochangia.

Mabinamu kamili hulingana kwa wastani wa kama 850. Nusu yake mara nyingi ina maana mnachangia babu bila kuchangia bibi, au ni mtoto wa binamu. Huyu ana umri wangu, na mabinamu zangu wote nawajua pamoja na watoto wao. Amelingana na yule wa Minnesota pia, kwa hiyo ni upande wa baba. Na babu alifanya kazi bandarini Mombasa kabla hajaoa.

Nikamwandikia. Alikuwa anajua kidogo tu: baba yake alilelewa na mama peke yake, akiambiwa baba yake ni Mchaga wa bandarini. Nikamuuliza huyo baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa anaitwa nani. Jina alilonitumia ni la baba yake babu.

Nilipanda Kibosho kwa mke wa mdogo wake babu, mwanamke pekee wa rika lile aliyebaki. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, kisha nikamuuliza kwa nini baba mkubwa hakupewa jina la baba yake babu. Hakuinua hata uso. "Jina lilikuwa limeshakwenda Mombasa."

"Bibi, mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza?"

Tangu siku hiyo nafikiria sana habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba fuvu moja katika mkusanyo wao wa mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni limelingana kabisa na mzao wa Akida, mshauri wake, na mengine mawili karibu kabisa na familia nyingine za Uchagani. La Mangi mwenyewe halikuwamo. Pale kipimo kilifanya kazi kwa sababu wajukuu walikuwa wanawataja waliochukuliwa, na mate wakayatoa kwa hiari.

Babu yangu hakuulizwa. Mate yangu yamemsemea, na sasa sehemu ya habari zake iko kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Nakumbuka 2023 wadukuzi walivyochota taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA. Kwa upande wa kihamba sina wasiwasi sana: hapa nchini vipimo vya vinasaba vina sheria yake ya 2009 na viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo karatasi yangu ya mtandaoni siyo ya kupeleka mahakamani. Ila nenda kamweleze hayo baba mdogo.

Bibi yule wa Kibosho anasema aambiwe kwanza baba mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyeishi na nafasi isiyo yake, na aambiwe na yeye Bibi, si mimi. Nimekubali haraka mno.

Ndugu yangu wa Mombasa hajaulizia shamba hata mara moja. Ameomba picha ya babu akiwa kijana, nikamtumia ile ya kofia. Jana ameuliza mabasi ya Mombasa kuja Moshi yanapita wapi. Nimemwambia Voi, Taveta, unavuka Holili. Kuhusu kuja Desemba, wakati ukoo mzima uko nyumbani, bado sijamjibu.