Pesa zangu ziko chini ya maji

Northamptonshire, Uingereza, Jumamosi jioni

Tangu Jumatano boti ya chuma ninayoishi mfereijini iko gudini, bwawa linalokaushwa maji ili chombo kitengenezwe. Tuliiingiza polepole, mbao zikashushwa mlangoni kuzuia maji ya mfereji, vali ikafunguliwa, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imekalia maboriti. Sasa naweza kupita kandokando yake tangu omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma, na kuyaona yote yaliyojificha tangu ilipopandishwa mara ya mwisho: mwani ubavuni, kome wadogo waliong'ang'ania karibu na usukani, na mstari wa kutu pale maji yanapokutana na hewa. Mstari huo ndio ulionileta. Chuma kilichozama muda wote huliwa taratibu, na cha juu unaweza kukipaka rangi siku yoyote jua likiwaka. Lakini ule upana wa viganja viwili unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, hapo kutu haina likizo.

Leo nimemaliza mkono wa pili wa lami. Kesho wa tatu, kwenye ule mstari tu, kisha iachwe ikauke. Kabla ya hapo zilikuwa siku za mpira wa maji wa nguvu, kwangua na brashi ya waya, na sina hamu ya kuzisimulia. Mgongo wangu unazikumbuka vya kutosha.

Ami alipiga simu kutoka Lamu nikiwa mweusi hadi viwikoni. Nikageuza kamera nimwonyeshe. Maisha yake yote yamepita kwenye majahazi, kwa hiyo hakuuliza bei. Aliuliza, "Mmekipandisha kwa bamvua ya lini?"

"Huku hakuna bamvua, ami. Maji hayapwi wala hayajai."

Akafikiri kidogo. "Basi hiyo si bahari, mwanangu, ni birika."

Amesema kweli, na ni birika linalotoza pesa. Kwao chombo huegeshwa mchangani maji yakipwa, mafundi wakakalafati nyufa kwa pamba na mafuta, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu, halafu bahari ikarudi yenyewe kukichukua. Hapa gudi huwekewa nafasi miezi kadhaa kabla, na kila siku unayolala humo ina bei yake. Mvua ikinyesha, brashi inasimama lakini hesabu inaendelea.

Alitaka kujua adui yetu ni mdudu gani. Nikamweleza kwamba chuma hakitobolewi na wadudu, huliwa na umeme. Ukiweka metali mbili tofauti majini zikagusana, moja humla mwenziwe. Ndiyo maana tumechomelea vipande vya magnesiamu ubavuni, omo na tezi: hivyo huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Nilivyovikuta Jumatano vilikuwa vimebaki vishina tu, vimetobokatoboka, na nilifurahi kuviona hivyo maana vimefanya kazi. Jambo ambalo ami hakuliamini ni la jirani. Mkiwa mmefungwa gatini na kila mmoja amechomeka waya wa umeme wa nchi kavu, ule waya wa ardhi unaziunganisha boti zote, na magnesiamu yako inaanza kulinda chuma cha watu usiowajua hata salamu. Inakwisha kabla ya wakati, kisha zamu ni ya chuma chako. Kuna kifaa kidogo cha kuzuia mkondo huo. Nilikifunga kabla sijanunua hata pazia.

Na hapo ndipo nisipoelewana na mzee wa boti iliyo jirani. Ni mtu mwema, ameniazima ngazi na kuniletea chai bila kuombwa. Kipindi chote cha baridi amekuwa akichora mawaridi na makasri kwenye milango na ndoo zake, kwa mtindo wa familia zilizobeba makaa ya mawe kwenye mifereji hii. Familia hizo ziliishi nyuma ya shehena, mume, mke na watoto, katika kijumba chenye urefu wa mita 3 hivi, na rangi ndiyo ilikuwa fahari yao. Barafu ya majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 iliwafungia wengi wao njia kwa wiki nyingi, na biashara yenyewe ilikuwa tayari imeelemewa na malori. Mzee anaihifadhi kumbukumbu hiyo kwa brashi nyembamba na mkono usiotetemeka. Namheshimu. Ila aliponiambia rangi ya boti yangu imepauka na kwamba boti huuzwa kwa sura, nilimjibu kwamba siiuzi.

Nilipoinunua, mkaguzi alipita nayo futi zote 57 akigonga kwa nyundo na kupima unene kwa mawimbi ya sauti. Boti nyingi za siku hizi hujengwa kwa bati la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kibanda. Kampuni nyingi za bima hazipendi kuona ubavu chini ya milimita 4. Yangu, pale palipoliwa zaidi, ilisoma 5 na ushei. Tangu siku hiyo sijawahi kutazama dirisha la duka la rangi nikatamani. Kila pauni inayobaki huenda chini ya mstari wa maji, mahali ambapo wapita njia hawatapaona kamwe.

Maadamu iko juu, nimeshughulikia na tezi. Mhimili wa rafadha hutoka nje kupitia tundu, na linaloziba tundu hilo ni kamba iliyoshindiliwa grisi. (Ami alifurahi sana hapo. Kumbe na Waingereza hukalafati.) Ikikazwa mno mhimili unapata moto, ikilegea maji yanaingia. Juu ya rafadha kuna kifuniko unachofungua ili kuingiza mkono na kutoa takataka zilizojiviringisha: mifuko ya plastiki, nguo, waya wa uzio. Injini inazimwa kwanza na ufunguo unatiwa mfukoni. Kifuniko kikirudishwa vibaya, rafadha yenyewe inageuka pampu ya kujaza boti, na zipo zilizozama hivyo hivyo mahali ambapo mtu mzima angeweza kusimama. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, walisema wahenga. Mimi ngama yangu, sehemu ya chini kabisa ambako maji hujikusanya, naikagua kabla ya chai ya asubuhi.

Karatasi nazo ni matengenezo ya aina yake. Canal & River Trust, shirika lililopokea mifereji hii mwaka 2012, halikupi leseni bila bima na cheti cha usalama kinachofanywa upya kila miaka 4: gesi, nyaya, mafuta, kengele ya hewa ya kaboni monoksidi. Kwa sisi tusio na gati la kudumu, sheria ya 1995 haituruhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya maana. Tangu 2024 leseni yetu ni ghali kuliko ya wenye gati. Nimelalamika kama wengine, nikalipa. Mama ndiye bado hajazoea kuwa na mtoto asiye na anwani.

Choo nitakiandika siku nyingine. Wanaojua wanajua.

Jumanne wanafungulia maji. Nitapita Braunston, nishike njia ya Napton, maili 5 hivi bila loki hata moja, kisha zinaanza loki 9 za kupanda kwenye mfereji wa Oxford. Loki ni chumba cha maji chenye milango huku na huku, cha kupandishia na kushushia boti, na hizi ni nyembamba. James Brindley alipoanza mfereji wa Trent na Mersey mwaka 1766 aliamua upana wa futi 7, na uamuzi huo ndio unaotubana hadi leo, ingawa loki ya namna hiyo hutumia maji kidogo na mtu mmoja anaweza kuipita peke yake. Nitafanya hivyo, na mkono wa chuma wa kufungulia milango ya maji mkandani. Nikishapanda juu, kuna maili 11 za kuzungukazunguka vilima bila kufungua chochote, na baadaye, Claydon, nianze kushuka. Kwenye kushuka ndiko kwa kuangalia nyuma, maana tezi ikikalia kizingiti cha mawe maji yakiendelea kutoka, omo inazama.

Lakini hesabu ya Jumanne ni ndogo zaidi. Upana wa boti ni futi 6 na inchi 10, wa loki ni futi 7, na upepo wa mwezi huu hauna adabu. Lami yangu mpya itakwaruzwa kwenye loki ya kwanza, ya pili nikibahatika. Nimefunga nusu ya ndoo ya lami iliyobaki na kuiweka karibu na ngazi, pamoja na brashi iliyooshwa.